Usiku wa Kuamkia Kipimo cha Utumbo

Katika vipimo vyote ambavyo matabibu wa zama hizi huwaandikia wagonjwa wao, sidhani kama kuna kinachotajwa kwa sauti ya chini kuliko kile cha kupitisha kamera katika utumbo mpana, ambacho hospitalini huitwa kolonoskopi. Mtu aliyeandikiwa kupima damu humweleza jirani yake bila kusita, na aliyeandikiwa picha ya kifua hutangaza hata barazani ili aombewe dua. Walakini aliyeandikiwa kipimo hiki huikunja karatasi yake mara mbili tatu, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kimya, na tangu saa hiyo hata siku ya miadi asipate usingizi wa raha, akijiuliza maswali ambayo hana wa kumwuliza, maana kila anapotaka kufumbua kinywa haya humziba.

Makala haya nimemwandikia mtu huyo. Sikusudii kumwambia asiogope, kwa kuwa amri ya namna hiyo haijapata kumwondolea mtu hofu tangu dunia kuumbwa. Nakusudia kumwonyesha kwamba hofu yake, akiichambua kwa utulivu, ataikuta ni hofu kadhaa zilizochanganyika, na kila moja ina tadbiri yake. Na kwamba iliyo nzito kuliko zote, ile ya kujitayarisha, inahusu kazi ambayo haimo mikononi mwa tabibu hata kidogo, bali imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, hasa katika usiku unaokitangulia kipimo.

Kwanza ajue kinachofanyika. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 1.5, huanza chini ya tumbo upande wa kulia, ukapanda, ukakata kuelekea kushoto, kisha ukashuka hata ukafika njia ya haja kubwa. Tabibu huingiza mpira unaopindika, unene wake kiasi cha kidole, wenye taa na kamera nchani, akausukuma polepole mpaka mwanzo wa utumbo, halafu akaurudisha nyuma taratibu zaidi, huku akitazama kila kunjo na kila kona katika kioo kilichowekwa mbele yake. Kazi yote aghalabu huchukua muda wa baina ya nusu saa na saa nzima. Akikuta kinyama kilichoota, ambacho wao hukiita polipu, hukikata papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira ule ule, na mgonjwa hasikii uchungu wa kisu, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo haina hisia ya kukatwa. Hapa ndipo fadhila kubwa ya kipimo hiki ilipo, kwani saratani nyingi za utumbo mpana huanzia katika vinyama kama hivyo, navyo huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, kabla ya kugeuka. Basi mwenye kukatwa kinyama leo ameepushwa na maradhi ambayo huenda yangemjia uzeeni. Wala ufundi huu si wa jana. Mwaka 1969 matabibu William Wolff na Hiromi Shinya, katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, walikiondoa kinyama cha utumbo kwa njia hii bila ya kulipasua tumbo, na leo hospitali kubwa za kwetu, kuanzia Muhimbili mpaka Kenyatta, huifanya kazi hiyo kama sehemu ya shughuli zao za kawaida.

Na kama yuko msomaji anayedhani kwamba kipimo hiki ni udhalili usiowafika wenye daraja, nimweleze kisa cha marais wa Marekani. Katiba ya nchi hiyo inamruhusu rais atakayelazwa usingizi wa dawa amkabidhi makamu wake madaraka kwa muda, na George W. Bush alifanya hivyo mara mbili, mwaka 2002 na 2007, kwa sababu ya kipimo hiki hiki. Joe Biden naye, Novemba 19, 2021, alimkabidhi Kamala Harris madaraka kwa dakika 85 alipokuwa kitandani amelalia ubavu kama raia mwingine yeyote, na kwa dakika hizo Marekani ikaongozwa na mwanamke kwa mara ya kwanza. Ronald Reagan kabla yao, mwaka 1985, alikutwa na kinyama kikubwa, akapasuliwa siku ya pili yake, na akaishi mpaka mwaka 2004. Ikiwa utumbo wa mwenye majeshi hauna ukubwa mbele ya kamera, sioni kwa nini wetu uwe nao.

Walakini haya haiondoki kwa kutajiwa marais, na mimi si miongoni mwa wanaoibeza. Sisi tumelelewa katika sitara, na mtu aliyekwisha kutimiza miaka 60 bila ya kuvuliwa nguo mbele ya wageni hawezi kuambiwa kwamba jambo hilo ni jepesi. Lililo kweli ni kwamba sitara yako huchungwa zaidi ya unavyodhani. Hupewa joho la hospitali, na mahali pengine suruali fupi iliyopasuliwa nyuma. Hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani. Hufunikwa shuka, na kinachobaki wazi ni kile tu ambacho kazi inakihitaji. Mwanamke anayo haki ya kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike, na hata tabibu wa kike iwapo yupo, lakini ombi hilo lipelekwe siku ya kupanga miadi, wala lisingoje mpaka mtu yuko kitandani, ambapo hakuna tena nafasi ya kubadilisha zamu.

Liko jambo moja la haya ambalo watu hawaambiwi mapema, nalo ni hewa. Ili utumbo upanuke na kuonekana vizuri, hutiwa hewa, na hewa iliyoingia lazima itoke. Nilikuwa katika chumba cha kuzindukia siku niliyomsindikiza mzee mmoja wa Tanga, mtu wa adabu nyingi, ambaye baada ya kipimo alilala amejikaza, uso umemkunjamana, mikono juu ya tumbo. Muuguzi akamwendea, akamwinamia. "Babu, toa hewa, usiibane." Mzee akafumba macho. "Mbele ya watoto wa watu, mwanangu?" "Ndiyo, babu. Humu ndani kila mtu anatoa, na asiyetoa ndiye tunayemwogopea." Hakupita muda mzee akawa ametii, akaomba radhi chumba kizima, na mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa nyuma ya pazia, akamjibu, "Tumesamehe, shekhe, nasi tutakuja kuomba kwako."

Sasa tuingie katika maandalizi, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Kamera haioni kupita kinyesi. Tabibu anayetazama utumbo uliosafishwa nusu ni sawa na mpiga mbizi aliyetumwa kutafuta pete katika maji ya tope: anaweza kukipita kinyama kilicho bapa, akaandika kwamba hakuna kitu, ilhali kipo. Kwa hiyo siku mbili au tatu kabla ya kipimo mgonjwa huambiwa apunguze chakula chenye makapi na mbegu, na siku ya mwisho asile kabisa, anywe tu vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga, kisha anywe dawa ya kusafisha.

Orodha zinazotolewa hospitalini mara nyingi zimeandikwa kwa ajili ya walaji wa vyakula vingine, zikitaja nafaka na matunda ambayo hayajapata kufika sokoni kwetu, hata mgonjwa akabaki anaduwaa. Kwa meza ya kwetu mambo ni haya. Viacheni maharage, mbaazi, kunde na choroko. Iacheni mboga ya majani, iwe mchicha, kisamvu au matembele. Uacheni ugali wa dona, mahindi ya kuchoma, mkate wa mofa, na ule mkate wa ufuta tunaoupenda. Acheni karanga, korosho, kashata, tende na zabibu. Na matunda yenye kokwa ndogo ndogo, kama pasheni na mapera, pamoja na nyanya zenye mbegu zake, yaacheni kabisa, maana mbegu hizo hazimeng'enyeki, hujikusanya katika makunjo ya utumbo na huweza kuiziba tundu ya mpira ambayo tabibu huitumia kufyonza maji. Mnachoweza kula siku hizo ni wali mweupe, boflo, mayai, samaki wa kuchemsha au kuku asiye na ngozi, na mbatata zilizomenywa. Ni chakula kikavu, nakiri, na mwenye kupenda mchuzi mzito atanung'unika. Lakini ni siku mbili tatu.

Siku ya mwisho, isiyo na chakula, inaogopwa kuliko inavyostahili, na watu waliozoea kufunga wataiona si kitu kikubwa, hasa kwa kuwa maji yameruhusiwa, na zaidi ya kuruhusiwa yamehimizwa. Chai ya rangi isiyo na maziwa inafaa, tena yenye sukari au asali kwa asiye na kisukari, kwa kuwa mwili uliokosa chakula unahitaji nguvu. Supu ya kuku iliyochujwa mpaka isibaki nyama wala kitunguu inafaa, na ndiyo inayookoa jioni ndefu. Maji ya madafu yaliyochujwa yanafaa kwa mwenye figo nzima. Vya kuepukwa ni maziwa, maji ya matunda yenye nyama zake, na kila kilicho chekundu au cha zambarau, kwa kuwa rangi hiyo ikibaki utumboni huweza kudhaniwa damu. Hapa nawaonya hasa wazee wangu wa pwani: tambuu nayo ni nyekundu. Bibi mwenye kutafuna tangu usichana anaweza kuzingatia chakula chote, akasahau kile kikopo chenye chokaa na popoo kilicho chini ya mto. Watoto nao wasimletee ubuyu wa rangi wala sharubati nyekundu kwa kumhurumia.

Dawa yenyewe ya kusafisha aghalabu ni unga unaochanganywa na maji mpaka ukapata lita 2 au lita 4, kwa kadiri ya aina yake. Ni nyingi, na mtu akiiona jagi imejaa moyo humwanguka. Lakini na ajue siri yake: unga ule umeundwa ili maji yasiingie mwilini ila yapite na kutoka, yakikokota taka zote njiani, na chumvi zimetiwa kwa kipimo ili mwili usipoteze chumvi zake. Kwa hiyo wingi wa maji ndio utendaji kazi wa dawa, na mwenye kunywa nusu akamwaga nusu amejipunja mwenyewe. Wazee wetu walikuwa na ada ya kunywa sanamaki au chumvi ya haluli kusafisha tumbo, na siku ya dawa ilikuwa siku inayojulikana nyumba nzima, mtu hatumwi sokoni wala hapokei wageni. Basi mwenye kuogopa aone kwamba anaingia katika jambo ambalo babu zake walilijua, ila kwa dawa iliyopimwa vizuri zaidi. Asije hata hivyo akadhani kwamba sanamaki ya dukani inaweza kushika nafasi ya dawa ya hospitali, au kuongezwa juu yake kwa hiari yake, kwani kuharisha kusiko na kipimo humkausha mtu maji na kumdhuru figo.

Ladha ya dawa ni ya chumvichumvi yenye utelezi, na si tamu hata ikitiwa ndimu na kiwanda. Njia zilizosaidia wengi ni nyepesi. Itiwe ubaridi kwanza, kwa kuwa baridi hufisha ladha. Inywewe kwa mrija uliopelekwa nyuma ya ulimi. Inywewe glasi nzima kwa pamoja kila baada ya dakika 10 au 15, wala isilambwelambwe, kwani anayeilamba huionja mara mia na anayeimeza huionja mara nane. Na baina ya glasi na glasi mtu alambe kipande cha ndimu. Kichefuchefu kikija, apumzike kiasi cha nusu saa, atembee uani, kisha aendelee polepole. Akitapika mfululizo, au tumbo likamvimba na kumwuma kwa nguvu, au akaona kizunguzungu kinamzidi, hapo si pa kuvumilia. Apige simu hospitalini, na namba ya simu hiyo aiombe siku ya miadi, kabla ya kutoka mlangoni.

Hospitali nyingi siku hizi huigawa dawa sehemu mbili, ya kwanza jioni na ya pili saa chache kabla ya kipimo. Mwenye miadi ya saa 2 asubuhi ataambiwa aamke saa 8 au 9 za usiku anywe sehemu ya pili, na amalize kabla ya saa 12 asubuhi, ili tumbo liwe tupu atakapolazwa usingizi. Wengi hulalamika juu ya kuamshwa huku, na wako wanaoamua kunywa yote jioni ili walale. Wanakosea. Usiku kucha ini na utumbo mwembamba havilali, huendelea kumwaga maji yao mazito ya manjano, nayo huufunika upande wa kulia wa utumbo mpana. Sehemu ya pili ya dawa ndiyo inayoyaosha. Kengele ya saa 8 usiku ni sehemu ya tiba.

Nimefika kwenye choo, na sitapita upesi, kwa kuwa wanaoandika juu ya kipimo hiki hudhani kila mtu ana choo chake chumbani. Katika nyumba zetu za kupanga, choo kimoja cha uani hutumiwa na milango sita au saba, na wasiwasi mkubwa wa mpangaji si mpira wala kamera, bali ni kwamba usiku wa manane atakuwa mbioni, kandambili zikipiga sakafu, ilhali mlango umefungwa na mwingine yumo ndani. Tadbiri yake ni kuwaambia wenzake mapema. Hana haja ya kutaja kipimo. Na aseme tu kwamba leo anakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na kila mtu ataelewa na kumpisha. Kabla ya magharibi ajaze ndoo zake mbili tatu, kwa sababu mabomba yetu yana tabia ya kukauka usiku huo huo unaohitaji maji. Aweke tochi karibu, umeme usije ukamkimbia. Avae nguo iliyo rahisi kuvua, msuli au kanga, wala si suruali ya mkanda. Ngozi ya chini itachubuka kwa kuoshwa mara nyingi, kwa hiyo ajioshe kwa maji ya vuguvugu, ajikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusa na si kwa kusugua, na tangu mwanzo, kabla ya maumivu, ajipake mafuta ya mgando. Mwenye ndugu aliye na nyumba yenye choo cha ndani asione aibu kumwomba malazi ya usiku mmoja. Na mzee dhaifu, au anayeishi peke yake, au anayekaa mbali na mji, aulize kama hospitali yaweza kumlaza tangu siku iliyotangulia. Kusafiri kwa basi kutoka wilayani alfajiri ukiwa na dawa tumboni ni jambo nisilomtakia hata adui.

Dawa huanza kazi aghalabu baada ya saa moja hivi, ingawa kwa wengine hukawia. Mwanzo hutoka kinyesi cha kawaida, kisha cha majimaji, kisha maji yenye rangi, na mwisho maji maangavu ya manjano mfano wa mkojo, yasiyo na kitu ndani. Hiyo ndiyo alama ya kufaulu. Ikiwa asubuhi maji bado yana tope, mgonjwa amwambie muuguzi ukweli mara tu afikapo, kwa sababu mara nyingine huweza kuongezewa dawa pale pale. Anayeficha kwa haya atapimwa vibaya, na ataambiwa arudi kunywa tena lita zile zile.

Juu ya dawa nyingine ambazo mtu anazitumia, kanuni ni moja: zitajwe zote mbele ya tabibu wiki kabla, hata za mitishamba. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma husimamishwa takriban juma moja, maana hugeuza choo cheusi na kunata. Dawa za kuzuia damu isigande, mtu asiziache wala asiendelee nazo kwa rai yake, kwa kuwa hatari iko pande zote mbili. Mwenye kisukari asinywe wala asidunge kipimo chake cha kila siku ilhali hali chakula, mpaka ameelekezwa upya kwa maandishi, na aombe miadi ya asubuhi na mapema. Dawa za presha kwa kawaida huendelea, kwa maji kidogo, lakini na hilo liulizwe. Mwezi wa Ramadhani, ikiwa tabibu haoni haraka, miadi yaweza kusogezwa. Na ikiwa iko haraka, mgonjwa ana ruhusa yake inayojulikana, akafungua na akalipa siku nyingine.

Kuhusu maumivu nitasema machache. Mahali pengi mgonjwa hudungwa dawa ya kumlegeza au kumlaza, na wengi huzinduka wakiuliza kipimo kitaanza lini. Palipo na upungufu wa dawa hizo mtu huhisi kujaa na msokoto wa tumbo unaokuja na kupita, na akimwambia tabibu, hupunguziwa hewa au hugeuzwa ubavu. Aulize mapema ni ipi atakayopata, na gharama zake, na kama bima yake inazilipa. Madhara makubwa, yaani utumbo kutoboka, hutokea kwa nadra, chini ya mtu 1 katika kila 1,000 kwa kipimo cha kawaida. Silifichi, wala silikuzi. Aliyedungwa dawa ya usingizi asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo, asitie saini hati ya shamba wala ya mkopo, na aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, tena mtu mzima mwenye subira, si kijana wa kuangalia saa.

Inabaki hofu ya mwisho, nayo ndiyo mara nyingi imejificha chini ya zile nyingine: hofu ya majibu. Mtu husema anaogopa dawa, anaogopa aibu, anaogopa mpira, kumbe anaogopa atakachoambiwa. Nimewaona wanaotoka damu chooni kwa miezi, wakajifariji kwamba ni bawasiri, wakapaka dawa za kununua kwa wachuuzi, kwa kuwa bawasiri ni jina linalostahimilika. Na mara nyingi kweli huwa ni bawasiri, lakini bawasiri na saratani huweza kutoa damu ya namna moja, na hakuna awezaye kuzitenga kwa kukisia. Kipimo hakimletei mtu ugonjwa ambao hakuwa nao. Hukuta kilichopo, na kilichokutwa mapema kina dawa nyingi kuliko kilichokawizwa. Wengi wanaopimwa huambiwa hakuna kitu, au kinyama kilichokwisha kukatwa, na tarehe ya kurudi baada ya miaka kadhaa.

Kwa mwenye kutikiswa na wasiwasi usiku ule, nashauri ajipatie wa kukesha naye, mke au mume, au rafiki wa bao, na redio iwe karibu. Aandike maswali yake yote katika karatasi moja ayachukue asubuhi. Na simu yenye visa vya kutisha vya watu asiowajua aiweke mbali mpaka keshokutwa. Anayesali asali. Anayependa hadithi ndefu amtafute msimuliaji, kwani baina ya mbio na mbio pana nafasi ya kutosha.

Baada ya kipimo, kula taratibu, na rudi hospitalini mara moja ukiona damu nyingi, homa, au maumivu ya tumbo yanayozidi, hata ikiwa ni siku kadhaa baadaye, hasa kama ulikatwa kinyama. Itunze karatasi ya majibu pamoja na hati zako za thamani, maana tabibu wa mara ya pili atataka kujua ulipimwa lini, utumbo ulikuwa safi kiasi gani, na kilikatwa nini. Na endapo utakutwa na saratani, au na kinyama kilichokaribia kuwa saratani, usilifanye jambo hilo siri ya chumbani: waite ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako uwaambie, kwa kuwa wao nao wanatakiwa kupimwa mapema kuliko watu wengine, aghalabu wafikapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliokuwa nao wewe ulipoyapata maradhi hayo, kwa kuangalia ipi inatangulia.